KARANI ASIYEHESABU VISANDUKU

Maandishi ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Walimu wa madarasa wanaombwa kutayarisha ubao, chaki, na karatasi moja na penseli kwa kila mwanafunzi kabla somo halijaanza.

 

Leo sitawafundisha herufi mpya. Leo nataka tuzungumze juu ya simu iliyomo mfukoni mwenu. Tutaona jinsi mtu mwovu anavyoweza kuigeuza ikamtii yeye badala ya kumtii mwenyewe, na jinsi mafundi wanavyoizuia hatari hiyo.

Kwanza niwaeleze kwa nini nimechagua habari hii. Mwezi uliopita nilikwenda kutembelea darasa moja la jioni. Masomo yalipokwisha, mama mmoja aliyenizidi umri kwa miaka mingi alinijia na simu yake mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, simu hii inanisumbua. Kila siku inaniandikia kwamba inataka kusasishwa. Zamani nilikuwa sijui kusoma, nikawa nabonyeza popote tu ili maandishi yaondoke. Sasa najua kusoma, nasoma kila neno, lakini maana yake siijui. Nimekataa kwa muda wa miezi mitano, maana bando langu ni dogo. Je, nimefanya vizuri au vibaya?"

Mimi nikamjibu, "Mama, wewe kubali tu."

Nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona haya. Jibu lile halikuwa jibu la mwalimu. Mtu mzima akiuliza sababu, apewe sababu. Basi somo la leo ni deni langu kwa mama yule, na kwa kila mmoja wenu aliyewahi kuyaona maandishi yale na kuyaondoa.

KARANI NA KITABU CHAKE

Simu ya kisasa ni kompyuta ndogo. Na kompyuta ni nini? Mfikirieni karani mmoja aliye mwepesi ajabu, mtiifu kupita kiasi, lakini asiye na busara hata kidogo. Mbele yake pana kitabu kikubwa cha amri. Kitabu hicho ndicho tunachokiita programu. Karani husoma amri ya kwanza, akaifanya; husoma ya pili, akaifanya; na kuendelea hivyo hivyo. Hajiulizi kama amri ni njema au mbaya. Akiambiwa afanye, anafanya.

Mara kwa mara, katikati ya ukurasa, karani hukuta amri ya namna hii: "Kwanza nenda ukurasa wa 15, fanya kazi iliyoandikwa pale, halafu rudi hapa uendelee." Karani wetu hana kumbukumbu kichwani. Akienda ukurasa wa 15 atasahau alikotoka. Kwa hiyo, kabla ya kwenda, huandika kwenye karatasi nambari ya ukurasa atakaorudia. Akimaliza kazi, huitazama ile karatasi, akasoma nambari, akarudi.

Ishikeni sana nambari hiyo, maana ndiyo kiini cha somo letu. Anayeitawala nambari ya kurudia ndiye anayemtawala karani.

Sasa chukueni penseli. Choreni visanduku 12 kwa mstari mmoja, kama vile mnavyoviona katika fomu za serikali. Juu ya visanduku 10 vya kwanza andikeni neno JINA. Juu ya visanduku 2 vya mwisho andikeni neno RUDI. Ndani ya vile viwili vya mwisho andikeni 4 na 0, yaani ukurasa wa 40.

(Kituo. Mwalimu wa darasa achore ubaoni, na ahakikishe kila mwanafunzi ana visanduku 12.)

Haya. Mteja mmoja anakuja dirishani, jina lake Asha. Karani yuko ukurasa wa 15, na amri iliyopo pale inasema, "Andika jina la mteja." Anaandika A, S, H, A. Visanduku vinne vimejaa, sita vimebaki vitupu. Kazi imekwisha. Karani anatazama mahali palipoandikwa RUDI, anasoma 40, anarudi ukurasa wa 40. Pale pameandikwa, "Mpe mteja stakabadhi yake." Asha anapewa stakabadhi, anakwenda zake. Hakuna neno.

Sasa anakuja mtu mwovu. Akiulizwa jina, anataja herufi A mara 10, kisha 7, kisha 3. Andikeni nanyi vivyo hivyo, mkianza na kisanduku cha kwanza. A, A, A, mpaka zifike 10. Sasa andikeni 7. Mtaiandika wapi? Visanduku vya jina vimekwisha! Lakini karani wetu hahesabu visanduku. Yeye aliambiwa, "Andika jina mpaka jina liishe." Hakuambiwa, "Andika mpaka visanduku viishe." Kwa hiyo anaendelea, na ile 7 inaiangukia 4 na kuifuta, na ile 3 inaiangukia 0 na kuifuta.

Someni sasa mahali penye neno RUDI. Pameandikwa nini? Pameandikwa 73.

Karani anakwenda ukurasa wa 73. Ukurasa huo ni wa kweli, umo katika kitabu chake tangu mwanzo. Umeandikwa, "Fungua kasha la fedha, mpe mtu aliye dirishani." Kwa kawaida karani haufikii mpaka mkuu wake akague hati kwanza. Leo ameufikia kwa njia ya mkato, naye anatii kama anavyotii siku zote.

Mmeona? Mwovu hakuvunja mlango, wala hakuiba ufunguo. Alitaja jina tu, lakini jina lake likageuka kuwa amri. Wataalamu huliita jambo hili kuiteka njia ya programu. Programu ilikuwa na njia yake, kutoka ukurasa huu kwenda ule. Mwovu ameiteka njia ile na kuipeleka anakotaka yeye.

Tena tusimlaumu karani. Kosa ni la mtu aliyetunga kitabu, akasahau kuandika maneno machache, "Hesabu visanduku kwanza."

USIKU WA NOVEMBA 1988

Pengine mtasema, "Mwalimu, hizo ni hadithi." Hapana. Mambo haya yalitokea kweli huko Marekani, tarehe 2 Novemba 1988.

Wakati ule intaneti ilikuwa changa. Ilikadiriwa kuwa na kompyuta zipatazo 60,000 tu, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, za jeshi na za watafiti. Kijana mmoja, Robert Tappan Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitunga programu iliyoweza kujinakili yenyewe na kutambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa kuwa ilitambaa, watu waliiita mnyoo.

Mnyoo ule ulikuwa na njia kadhaa za kuingilia. Mojawapo ndiyo hiyo tuliyoichora. Katika kompyuta nyingi za siku zile palikuwa na programu ndogo ya kuulizia habari za mtu anayeitumia kompyuta. Mwulizaji alituma jina, programu ikaliandika mahali palipotengwa, kisha ikatoa jibu. Mahali pale palikuwa na nafasi ya herufi 512. Mtunzi wa programu ile alitumia amri ya lugha ya C iitwayo gets, ambayo kazi yake ni kupokea maandishi bila kuhesabu nafasi. Mnyoo ukatuma herufi 536, yaani 24 zaidi ya nafasi iliyokuwapo. Zile zilizozidi zikafurika zikaifikia nambari ya kurudia na kuigeuza.

Tena hapa palikuwa na ujanja mwingine. Nambari mpya haikumpeleka karani kwenye ukurasa wowote wa kitabu chake. Ilimpeleka kwenye ile barua yenyewe aliyotumiwa, na ndani ya barua mlikuwa na amri za mnyoo. Karani akaisoma barua ya mgeni kana kwamba ni kitabu cha bwana wake.

Kwa muda wa usiku mmoja kompyuta nyingi zilielemewa. Watu walikisia kuwa zilizopatwa zilikuwa kama 6,000. Mnyoo haukufuta maandishi ya watu, lakini ulijinakili mno hata mashine zikashindwa kufanya kazi nyingine. Kijana yule alishtakiwa, na mwaka 1990 mahakama ikamwona ana hatia. Hakufungwa gerezani. Aliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3, akaamriwa kufanya kazi ya kuhudumia jamii kwa saa 400, na kutozwa faini ya dola 10,050.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hatari hii ilikwisha kuelezwa mapema. Mwaka 1972, miaka 16 kabla ya mnyoo ule, mtaalamu James P. Anderson aliandika juu yake katika taarifa aliyowatayarishia wakuu wa jeshi la anga la Marekani. Lakini ufa haukuzibwa. Nayo ile amri ya gets iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha ya C mwaka 2011 tu. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KOMEO JUU YA KOMEO

Sasa tutazame jinsi mafundi walivyojikinga. Nawaomba msikilize kwa makini, maana mtaona kwamba kila walipoweka komeo moja, wezi walitafuta njia ya kulizunguka, na mafundi wakaongeza komeo jingine.

Komeo la kwanza ni nambari ya siri ya katikati. Mwaka 1998 mtaalamu Crispin Cowan na wenzake walieleza njia hii. Rudini kwenye mchoro wenu. Baina ya visanduku vya JINA na vya RUDI wekeni kisanduku kimoja zaidi, na ndani yake nambari ya siri inayobadilika kila siku. Mwovu akifurisha jina, herufi zake haziwezi kufika kwenye RUDI bila kuipita nambari ile na kuiharibu. Karani, kabla ya kurudi, huitazama kwanza. Akiona si ile aliyoiandika, huacha kazi yote papo hapo.

Wataalamu walilipa komeo hili jina la ndege. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na kindege kidogo katika kizimba. Hewa ya sumu ikiingia, kindege hulegea kabla ya watu, nao wakakimbia. Vivyo hivyo nambari ya siri huharibika kwanza, ikawa onyo. Lakini kama mwovu amepata tundu la kuichungulia, ataiandika tena kama ilivyokuwa, na karani hatagundua kitu.

Komeo la pili ni sheria isemayo, "Amri husomwa kitabuni tu, si katika barua za wageni." Kumbukumbu ya kompyuta ikagawanywa. Huku ni mahali pa amri, na huku ni mahali pa maandishi ya watu, na maandishi ya watu hayawezi kutendwa kama amri. Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft iliitia sheria hii katika programu yake ya Windows XP, na watengenezaji wa vichwa vya kompyuta wakaisaidia kwa kuiweka ndani ya mashine yenyewe. Mnyoo wa 1988 ungekuta sheria hii, hila yake ya kuisomesha barua ingeshindwa palepale.

Je, wezi walikata tamaa? La. Kumbukeni mwovu wetu wa ukurasa wa 73. Yeye hakuleta amri zake mwenyewe. Alitumia ukurasa uliokuwamo tayari. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2007 mtaalamu Hovav Shacham alionyesha jambo la kushangaza zaidi. Si lazima kutumia ukurasa mzima. Mwovu anaweza kuchukua mistari miwili ya mwisho ya ukurasa huu, na mitatu ya mwisho ya ukurasa ule, akaandika nambari nyingi za kurudia zifuatane, na karani akarukaruka kutoka kipande hadi kipande. Ni kama mtu anayekata maneno ndani ya gazeti la jana na kuyabandika mpaka yakawa barua ya vitisho. Kila neno ni la gazeti, bali barua ni ya mwovu.

Komeo la tatu ni kuvuruga nambari za kurasa. Kila programu inapoanza, kurasa hupangwa upya mahali pengine. Jana kasha la fedha lilikuwa ukurasa wa 73, leo liko ukurasa wa 2,918. Mwovu hajui pa kumpeleka karani. Kundi la mafundi liitwalo PaX lilianza kutumia njia hii katika Linux mwaka 2001, na baadaye ikaenea kwenye kompyuta na simu. Lakini hapa pia, mwovu akichungulia ukurasa mmoja tu ulipo, anaweza kukisia mingine.

Komeo la nne ndilo linaloikinga njia yenyewe. Mwaka 2005 wataalamu wanne, Martín Abadi, Mihai Budiu, Úlfar Erlingsson na Jay Ligatti, walitoa fikira hii. Kabla karani hajaanza kazi, na ichorwe ramani ya njia zote halali. Kutoka ukurasa wa 15 unaweza kurudi 40 au 52, basi. Kila karani anapotaka kuruka, aitazame ramani. Kama njia haimo, asiende. Hata kama karatasi yake inasema 73, ramani inasema hapana, naye anasimama.

Katika kuitimiza fikira hiyo, mafundi hutumia pia daftari la pili. Mnakijua kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni. Mwuzaji anaandika mara moja, na nakala inabaki kitabuni. Mteja akiigeuza shilingi 1,000 kuwa 9,000 kwenye karatasi yake, nakala itamwumbua. Vivyo hivyo, karani akiandika nambari ya kurudia, nakala huwekwa mahali palipofungwa ambapo maandishi ya wageni hayafiki. Wakati wa kurudi, zote mbili hulinganishwa. Zikipishana, kazi inasimama. Tangu mwaka 2020 kampuni ya Intel imeuza vichwa vya kompyuta vyenye daftari hilo ndani yake, pamoja na muhuri maalumu kwenye kurasa ambazo zinaruhusiwa kurukiwa. Na katika simu za Apple za mwaka 2018 iliwekwa njia nyingine. Nambari ya kurudia hutiwa sahihi ya siri, ili aliyeigeuza ajulikane kwa kukosa sahihi.

(Kituo. Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: Ni makomeo mangapi tumeyataja? Wayataje kwa maneno yao wenyewe.)

SIMU ILIYOLIA BILA KUPOKEWA

Tumezungumza juu ya kompyuta za vyuo vikuu vya ng'ambo. Sasa turudi mfukoni mwenu.

Mwezi wa Mei 2019 kampuni ya WhatsApp, ambayo programu yake wengi wenu mnaitumia kuwaandikia watoto na jamaa, ilitangaza kwamba imegundua kosa katika sehemu ya kupigiana simu. Kosa lilikuwa la aina ile ile, yaani mafuriko ya maandishi kupita nafasi yake. Mtu aliyetaka kuishambulia simu yako aliipigia tu. Haikuwa lazima uipokee. Maandishi maalumu yaliyotumwa pamoja na mlio wa simu yalitosha kufungua njia ya kupenyeza programu ya upelelezi.

WhatsApp ilisema watu wapatao 1,400 walilengwa, na miongoni mwao walikuwamo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule iliishtaki kampuni ya NSO Group ya Israeli, na mwezi wa Desemba 2024 hakimu wa Marekani aliamua kwamba NSO inawajibika kwa jambo hilo.

Fikirini, mabwana na mabibi. Watu wale hawakutaja nambari zao za siri kwa mtu yeyote, wala hawakubonyeza kitu kibaya. Simu ililia, basi. Mtu mwangalifu kabisa asingeweza kujikinga kwa uangalifu wake peke yake.

Je, nini kiliwaokoa watumiaji wengine, mamilioni kwa mamilioni? WhatsApp ililitengeneza kosa, ikatoa kitabu kipya kilichosahihishwa, ikawaomba watu wote wakipokee. Aliyekipokea, ufa wake ulizibwa. Aliyekataa alibaki na kitabu cha zamani, na ufa ule ule, wakati ambapo habari za ufa zimekwisha kutangazwa dunia nzima.

Hiyo ndiyo maana ya kusasisha. Simu inapokuandikia kwamba inataka kusasishwa, mara nyingi inakuambia hivi: "Mafundi wameona ufa katika kitabu changu. Marekebisho yako tayari. Naomba ruhusa kuuziba."

VITABU VIPYA

Kabla sijafunga, niwaambie jambo la kutia moyo. Makomeo yote tuliyoyataja humzuia karani baada ya kosa kutendeka. Lakini je, haifai kumfundisha kuhesabu visanduku tangu mwanzo? Inafaa sana, na siku hizi kazi hiyo inafanyika. Ziko lugha za kutungia programu ambazo zenyewe hulazimisha kuhesabu. Mojawapo inaitwa Rust, iliyotolewa rasmi mwaka 2015. Mtunzi akijaribu kupita nafasi, lugha yenyewe humkatalia.

Mwaka 2019 mtaalamu mmoja wa Microsoft alieleza kwamba katika kila makosa 10 ya usalama ambayo kampuni hiyo huyatengeneza, kama 7 hutokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu, na mafuriko tuliyoyachora ni ya jamii hiyo. Basi lugha mpya zaweza kuyaondoa mengi. Lakini vitabu vya zamani ni vingi mno, na kuvitunga upya ni kazi ya miaka mingi. Mpaka hapo, makomeo yatahitajiwa, na masasisho yatahitajiwa.

JIBU LANGU KWA MAMA

Sasa naweza kumjibu mama yule kama inavyostahili.

Mama, uliuliza kama ulifanya vizuri au vibaya. Kuuliza kwako kulikuwa kuzuri. Kukataa kwa miezi mitano kulikuwa na hatari, maana kwa miezi mitano simu yako ilibaki na nyufa ambazo dawa yake ilikwisha kupatikana. Katika simu hiyo mna fedha zako, majina ya jamaa zako, na picha za wajukuu wako. Ni nyumba yako ya pili.

Lakini sitakudanganya kwamba kusasisha ni bure. Bando ni fedha, nami najua mtu hawezi kununua bando akaacha kununua unga. Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, kama kuna mahali penye wai-fai unapopaamini, kwa ndugu au kazini, sasishia hapo. Pili, kama huwezi kusasisha vyote, anza na simu yenyewe, kisha zile programu unazotumia kwa fedha na kwa kuzungumza na watu. Tatu, mara moja kwa mwezi ni afadhali kuliko kutosasisha kabisa.

Tena jihadhari na jambo moja. Masasisho ya kweli hutoka ndani ya simu yenyewe, mahali pa mipangilio, au katika duka la programu la simu yako. Ukiletewa ujumbe na mtu usiyemjua ukisema, "Bonyeza hapa usasishe," usibonyeze. Huyo hamdanganyi karani, anakudanganya wewe mwenyewe. Na dhidi ya udanganyifu wa namna hiyo hakuna komeo la fundi linaloshinda macho ya mtu anayejua kusoma.

Ndiyo sababu mnasoma. Zamani maandishi yalipotokea kwenye kioo mliyafukuza kama nzi. Sasa mnaweza kuyasoma, kuyapima, na kujibu kwa akili.

MASWALI YA DARASA

1. Katika mchoro wetu, visanduku vya JINA vilikuwa vingapi, na vya RUDI vingapi?
2. Mwovu aliwezaje kubadili 40 kuwa 73 bila kushika kalamu ya karani?
3. Kwa nini kitabu cha stakabadhi chenye nakala humwumbua mdanganyifu?
4. Mnyoo wa 1988 ulituma herufi 536 mahali penye nafasi ya 512. Zilizidi ngapi? Fanyeni hesabu kwenye karatasi.
5. Taja programu mbili katika simu yako ambazo ungezisasisha kwanza. Toa sababu.

IMLA

Mwalimu wa darasa asome polepole, mara mbili, na wanafunzi waandike:

Karani hutii kila amri. Mwovu hufurisha jina mpaka lifike mahali pa kurudia. Fundi huweka nambari ya siri, ramani na nakala. Simu ikiomba kusasishwa kutoka ndani yake yenyewe, nitasoma, nitafikiri, kisha nitaziba ufa.

Walioshindwa neno lolote wasione haya kumwuliza mwalimu.  Nikikutana tena na mama yule, nitamwomba anionyeshe simu yake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.